Madini ya tumboni yaishinda dhahabu!

Mpenzi msomaji, huku kwetu Shinyanga na jirani zetu wa Geita ukitaja madini kila mtu anafikiria dhahabu. Leo nakuletea madini mengine, yale yaliyomo tumboni mwako.

Unakumbuka mkasa wa Nyangalata, Kahama? Oktoba 5, 2015 duara liliporomoka na kuwafukia wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo. Watano walitolewa hai Novemba 15, baada ya siku 41! Msosi wao huko chini ulikuwa vyura, mende na maji machafu yaliyodondoka kutoka juu. Mwenzao wa sita hakusalimika.

Watu tuliokuwa juu tungetamani kuwapokea na sinia la ugali na nyama. Ngoja kwanza.

Tumbo ni mfuko wa misuli isiyongoja amri yako. Kila seli ya misuli hiyo ina vilango vidogo mno, wataalamu wanaviita chaneli za ioni. Kalsiamu ikiingia, msuli unajikaza. Potasiamu ikitoka, unalegea. Wapiga ngoma ni seli za Cajal, zilizopewa jina la Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Zinapiga kama mara tatu kwa dakika. Ukiwa na njaa, kila baada ya saa moja na nusu au mbili hivi linapita wimbi kali la kufagia mabaki. Ndiyo ile ngurumo inayokuumbua mbele ya mtoto wa watu!

Sasa sikia kasheshe. Ukikaa njaa siku nyingi, akiba ya potasiamu, fosfeti na magnesiamu inapungua mwilini. Ukishindilia msosi ghafla, homoni ya insulini inapanda na kuyasukuma madini hayo yaliyobaki kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Damu inabaki kapa! Vile vilango vinavurugika, utumbo unalegea na kujaa gesi. Kibaya zaidi, hata moyo ni msuli unaotegemea vilango vya namna hiyo. Unaweza kupiga ovyo, hata kusimama.

Si hadithi za kijiweni hizi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, madaktari waliona wafungwa waliookoka na njaa wakifa baada ya kuanza kula vizuri.

Kwa hiyo, aliyekaa siku tano au zaidi bila kula, awe ametoka duarani, ameugua au amefunga kwa maombi, mpeleke hospitali. Pale atapimwa damu, atapewa vitamini B1 na kulishwa kidogo kidogo huku akiangaliwa. Najua kwetu kumnyima mgeni chakula ni aibu, lakini huyu usimwonee haya. Sinia lake mwekee, atalikuta akipona.

Haya, tukutane wiki ijayo!