Kadeti wa Anga Kanada: Mpeleke Mtoto Mapema

Mzazi aliyekimbia vita Kivu au Burundi, akahamia Kanada, ana haki ya kushtuka mwanawe anapoleta fomu ya Kadeti wa Anga yenye picha za sare na gwaride. Alikotoka, kijana aliyevishwa sare mara nyingi hakuulizwa kama anataka. Kwa hiyo nianze na hofu hiyo.

Kadeti si mwanajeshi. Ni kweli mpango huu wa vijana ulianzishwa mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili kuandaa marubani, na hadi leo unaendeshwa na Wizara ya Ulinzi pamoja na shirika la kiraia la wafadhili. Lakini kisheria kadeti hahesabiwi kuwa askari, halazimiki kujiunga na jeshi baadaye, na anaweza kuacha siku yoyote. Bunduki atakayoishika kwa kawaida ni ya hewa, ya mchezo wa kulenga shabaha, chini ya msimamizi. Wasichana wamo tangu mwaka 1975, na kujiunga ni bure. Sare pia hutolewa bure, ingawa wazazi huombwa kusaidia kwenye shughuli za kuchangisha fedha.

Umri wa kujiunga ni miaka 12 hadi 18, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza nafasi kwa kuchelewa. Mtoto akiingia na miaka 12 au 13, hukutana na wenzake kikosini jioni moja kila wiki, kuanzia Septemba hadi Juni, akijifunza usafiri wa anga, uongozi na huduma ya kwanza. Hupanda ngazi mwaka hadi mwaka. Zawadi kubwa iko juu ya ngazi hizo: ufadhili wa kozi ya urubani wakati wa likizo ya kiangazi. Leseni ya glaida, yaani ndege isiyo na injini, hutolewa kuanzia miaka 16, na ya ndege ya kawaida kuanzia 17. Wanaoshindania ufadhili hupimwa kwa mtihani wa maandishi, mahojiano, uchunguzi wa afya na rekodi yao kikosini. Anayeingia na miaka 16 hana rekodi ya kuonyesha. Mwanaanga Chris Hadfield alianza kuruka kwa ufadhili huu huu wa kadeti.

Kozi ya glaida yenyewe ni ya kweli, si maonyesho. Glaida huvutwa kwa kamba na ndege ndogo yenye injini, kisha mwanafunzi, aliyeketi mbele ya mwalimu wake, huiachia kamba angani. Mbele ya macho yake, juu ya kioo, kumebandikwa kipande cha uzi. Uzi ukilala umenyooka, ndege inakata hewa sawasawa. Mkia wa uzi ukielekea kushoto, mwanafunzi hukanyaga pedali ya kulia mpaka unyooke. Anajifunza kutua mara ya kwanza bila kukosea, maana hakuna injini ya kumrudisha juu.

Si lazima mtoto awe raia. Nendeni naye kwenye kikosi cha karibu jioni ya mkutano, mkiwa na uthibitisho wa umri wake na kadi ya bima ya afya ya jimbo. Ongeeni na ofisa wa kikosi ana kwa ana, na maswali yote kuhusu jeshi mumuulize yeye, mtoto akisikia.