Mkandarasi hufanya usafi, lakini jukumu ni la hospitali



Ukifika hospitali au kituo cha afya, huenda ukaona anayepiga deki wodini amevaa sare tofauti na ya wauguzi. Mlinzi wa getini naye ana sare yake. Huenda watu hawa si waajiriwa wa hospitali, bali wa kampuni iliyopewa mkataba. Makala hii inaeleza utaratibu huo na jinsi unavyokuhusu wewe.

Kwa nini kazi hupewa mkandarasi?

Kazi kuu ya hospitali ni kutibu. Usafi, ulinzi, chakula cha wagonjwa, kufua mashuka na kuondoa taka ni kazi za kusaidia matibabu. Hospitali hutangaza zabuni, kampuni hushindana, na moja hupewa mkataba wa muda maalumu. Lengo ni kupunguza gharama na kuwapa wauguzi muda wa kuhudumia wagonjwa. Hata kambini jambo hili si geni: UNHCR haifanyi kila kazi yenyewe, bali huingia mikataba na mashirika wenza.

Hatari iko wapi?

Mwaka 1983 serikali ya Uingereza iliagiza usafi, ufuaji na upishi wa hospitali zake vitangaziwe zabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu hospitali za England ulionyesha kwamba zilizotumia wakandarasi wa usafi zilitumia fedha kidogo zaidi, lakini zilikuwa na maambukizi mengi zaidi ya MRSA, bakteria sugu wasiosikia dawa nyingi. Huko Uskoti, mwaka 2008 serikali ilitangaza kwamba haitatoa tena mikataba mipya ya usafi wa hospitali kwa kampuni binafsi.

Hii haina maana kwamba kila mkandarasi ni mbaya. Ina maana kwamba bei ndogo isiwe kipimo pekee. Mkataba useme wodi isafishwe mara ngapi kwa siku, kwa dawa gani, na nani akague.

Msafishaji naye alindwe

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), karibu asilimia 15 ya taka za huduma za afya ni za hatari. Anayezibeba anahitaji glavu nzito, buti na chanjo ya homa ya ini aina ya B, hata kama mwajiri wake ni kampuni. Kisanduku cha kutupia sindano kifungwe kikijaa robo tatu.

Wewe ufanye nini?

1. Ukiona damu sakafuni, choo kichafu au sindano iliyotupwa ovyo, mwambie muuguzi wa zamu mara moja. Usiokote sindano kwa mkono, na usimwache mtoto aiguse.

2. Ukijibiwa "hiyo ni kazi ya kampuni," nenda kwa msimamizi wa kituo. Yeye ndiye wa kuibana kampuni, si wewe.

3. Usimpe mlinzi au msafishaji pesa ili uingie au mgonjwa wako apate kitanda safi. Mshahara wake unatokana na mkataba. Akikudai, toa taarifa kwa msimamizi.

4. Usimtukane msafishaji. Mara nyingi si yeye aliyepanga idadi ya wafanyakazi wala kiasi cha sabuni.

Kumbuka: kazi yaweza kupewa mwingine, lakini jukumu la afya yako linabaki kwa hospitali.