SANDUKU LA KIPAZA SAUTI

Watu wengi wakilitazama sanduku la kipaza sauti, ambacho wengine hukiita spika, hudhani kwamba kazi yake ni kuficha vyombo vilivyomo na kupendeza macho tu. Kwa hiyo mtu akinunua kipaza sauti kitupu, hukigongea sanduku la mbao zo zote alizo nazo, hulifunga kwa misumari, hulipaka rangi nzuri, kisha hushangaa kuwa sauti ya ngoma haitoki na nyimbo zinakoroma. Husema ameuziwa chombo kibovu. Mara nyingi chombo hakina kosa lo lote. Kosa limo katika viungo vya sanduku.

Kwanza yafaa kujua jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Mbele yake pana karatasi ngumu iliyofanyizwa kwa umbo la pia, mdomo wake mpana ukielekea kwa msikilizaji. Mahali pembamba pa pia hiyo umezungushwa waya mwembamba sana, nao umeingia katika nafasi ndogo iliyo kati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Umeme ukipita katika waya, sumaku huusukuma na kuuvuta, na karatasi huenda mbele na kurudi nyuma pamoja nao. Sauti nene ya ngoma huitikisa kama mara 50 kwa sekunde moja. Sauti nyembamba ya filimbi huitikisa mara 1,000 na zaidi. Kipaza sauti cha namna hii kilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg huko Marekani mwaka 1925, na vipaza sauti vingi vya leo vingali vinafuata njia ile ile.

Sasa fikiri kidogo. Karatasi inapokwenda mbele, huisonga hewa iliyo mbele yake. Lakini wakati huo huo huacha upungufu wa hewa nyuma yake. Hewa iliyosongwa hukimbilia mahali penye upungufu, kama maji yanavyokimbilia bondeni. Huzunguka ukingo wa chombo, hujaza upungufu ule, na sauti ya mbele na sauti ya nyuma huuana. Sauti nyembamba haipati nafasi ya kuzunguka hivyo, kwa sababu mitetemo yake ni ya upesi mno. Sauti nene ndiyo inayokufa. Sauti husafiri hewani kama meta 340 kwa sekunde. Basi ikiwa mitetemo ni 50 kwa sekunde, wimbi moja lina urefu wa meta 6.8, na kwa wimbi refu namna hiyo kuzunguka ukingo wa chombo cha upana wa kiganja si kazi hata kidogo.

Jambo hili laweza kuonekana kwa jaribio jepesi. Shika kipaza sauti kitupu mkononi kinapopiga wimbo wenye ngoma. Kisha kiweke juu ya ubao mpana wenye tundu lililo sawa na mdomo wake. Papo hapo ngoma itasikika, ingawa hakuna kilichoongezwa ila ubao wa kuikataza hewa kuzunguka. Sanduku ni ubao huo huo uliokunjwa pande zote mpaka ukajifunga.

Yako masanduku ya namna mbili zinazotumika zaidi. Moja lina tundu au mwanzi ulioachwa makusudi na kupimwa kwa hesabu, ili sauti ya nyuma itoke kwa wakati unaofaa na kuisaidia ya mbele; Albert Thuras wa Marekani aliiombea njia hii hati ya uvumbuzi mwaka 1930. La pili limezibwa kabisa. Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani pia, alionyesha kwamba hata sanduku dogo likizibwa vema laweza kutoa sauti nene sana, kwa sababu hewa iliyofungwa ndani huwa kama kamani ya kuirudisha karatasi mahali pake. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha sukuma mti wake: utaona jinsi hewa inavyousukuma urudi. Legeza kidole kidogo tu, na nguvu ile imepotea. Ufa katika sanduku ni kidole kilicholegea. Kwa mwanafunzi, sanduku la kuziba ndilo jepesi kwa hesabu, walakini ndilo lisilosamehe kiungo kibaya.

Tena kuna jambo la pili ambalo sanduku lapaswa kulifanya, nalo ni kunyamaza. Hapa mafundi wengine hukosea kwa kufuata mfano wa gambusi na zeze. Fundi wa gambusi huchonga ukuta mwembamba na mwepesi, maana anataka ulie pamoja na nyuzi. Fundi wa sanduku la kipaza sauti anataka kinyume chake: karatasi ilie peke yake, na mbao zisitie neno. Ubao mwembamba ukitikisika huongeza sauti yake mwenyewe, na mwimbaji huonekana kama anaimba ndani ya debe. Kwa hiyo mbao zisipungue unene wa milimeta 18.

Mninga ni mti mzuri sana kwa kazi hii, kwa kuwa hausinyai wala hautanuki sana majira yanapobadilika, nao huikubali patasi. Mvule pia wafaa. Uwe mti gani, uwe mkavu. Ubao mbichi utakauka ndani ya nyumba na kufungua kila kiungo kilichofungwa kwa taabu. Uso wa mbele na wa nyuma ni afadhali uwe wa plaiwudi, ambayo tabaka zake zimepishana na haivimbi upande mmoja zaidi ya mwingine.

Kwa kipaza sauti cha upana wa sentimeta 16 hivi, nafasi ya ndani yenye upana wa sentimeta 20, kina cha sentimeta 25 na kimo cha sentimeta 36 yatosha vyombo vingi. Zidisha, nawe utapata sentimeta za ujazo 18,000, yaani lita 18. Muuzaji akitoa karatasi ya maelezo yenye kipimo kingine, fuata hiyo. Usiufanye upana, kina na kimo kuwa sawasawa, maana hapo sauti ya namna moja itajirudia katika pande zote tatu na kuzidi zenzake.

Mbao nne za ubavuni, chini na juu, nyuzi zao zote ziuzunguke sanduku. Zikitanuka, zitatanuka pamoja kuelekea mbele na nyuma, wala hakuna utakaopasua mwingine. Kila ubao una upana wa milimeta 286: kina cha ndani pamoja na unene wa uso wa mbele na wa nyuma. Ni shida kupata ubao mmoja wa upana huo, kwa hiyo mbili huunganishwa kwa gundi ukingo kwa ukingo. Piga randa kingo zote mbili, uzisimamishe moja juu ya nyingine, utazame kwa kuelekea mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga unapenya, rudi kwenye randa. Gundi haijazi nafasi iliyoachwa na uvivu.

Sasa twafika kwenye pembe, na hapa ndipo sanduku linapofanikiwa au kuharibika. Njia ya upesi ni kuweka kichwa cha ubao mmoja juu ya ubavu wa mwingine na kupiga misumari. Lakini kichwa cha ubao ni kama fungu la mirija iliyokatwa. Hunywa gundi yote na kuacha kiungo kikavu, na msumari ulioingia kwa kufuata nyuzi hauna cha kushika. Mahali pengine kiungo hicho chaweza kudumu miaka. Katika sanduku linalotikiswa mara 50 kwa sekunde, saa nyingi kila siku, misumari hulegea, na ufa mwembamba kama ukucha hufoka kama nyoka kila ngoma inapopigwa.

Fundi mwangalifu hukata meno. Katika kichwa cha ubao mmoja huchonga meno yaliyo membamba kwenye shina na mapana kwenye ncha, mfano wa mkia wa njiwa anapoutandaza. Katika ubao wa pili huchonga mapengo ya umbo lilo hilo. Meno yakiisha kuingia hayawezi kuvutwa kurudi kuelekea upande wa shina ulio mwembamba. Faida kubwa zaidi haionekani kwa macho: mbavu za meno hugusana ubavu kwa ubavu wa nyuzi, si kichwa kwa ubavu, na huko gundi hushika kwa nguvu nyingi. Upana wa milimeta 286 watosha meno matano au sita.

Chora kwa kisu, si kwa kalamu ya risasi. Mstari wa kalamu una unene, na fundi hajui akate upande gani wa unene huo. Mstari wa kisu hauna unene, tena huishika ncha ya patasi isiteleze. Kina cha meno ni unene wa ubao, milimeta 18, wala usikikadirie: weka ubao wenyewe na kuchora kwa kuufuata. Kata meno kwanza. Kisha yaweke meno hayo juu ya kichwa cha ubao wa pili na kuyazungushia kisu, ili pengo lizaliwe na jino lake mwenyewe hata kama jino halikutoka sawa kabisa. Tia alama kila pembe, kwa kuwa jino la pembe moja halitaingia pembe nyingine. Msumeno upite upande wa kipande kitakachotupwa, ukiacha nusu ya mstari ionekane. Patasi iingie mpaka katikati kutoka uso mmoja, ubao ugeuzwe, na ikutane na kazi yake kutoka uso wa pili. Anayesukuma moja kwa moja hupasua uso wa chini.

Kiungo kilicho sawa huingia kwa mkono nusu ya njia, na nyundo ya mti humaliza. Kikiingia chote kwa mkono, kimelegea. Kikihitaji kupigwa kwa nguvu, kitapasuka. Wala usikiingize na kukitoa mara nyingi kwa kufurahia kazi yako, maana kila mara hujisugua na kupungua.

Gundi ikiisha kupakwa, hapana nafasi ya kuwaza. Kila kitu kiwe tayari kabla: nyundo, maji ya kufutia, na kamba za kukazia. Asiye na jiliwa ndefu azungushe kamba mbili, atie kijiti katika kila moja na kukisokota mpaka ikaze, akiweka vipande vya mbao pembeni ili kamba isiume. Kisha apime kutoka pembe hata pembe, mara mbili, kwa kukingama. Sanduku la vipimo hivi, kwa nje, lina sentimeta 46.1 kutoka pembe hata pembe. Vipimo viwili visipolingana, sanduku limeinama. Lisukumwe kwenye pembe zilizo mbali zaidi, kabla gundi haijakauka.

Ndani, gundisha vijiti vya unene wa sentimeta 2 kuzunguka kingo, ili nyuso mbili zipate mahali pa kukaa. Ongeza ufito mmoja kutoka ubavu hata ubavu, katikati, usiguse kipaza sauti. Utazizuia mbavu zisitikisike. Usiuweke kutoka mbele hata nyuma. Mbao za nje zikitanuka ufito huo hautatanuka nazo, na uso wa nyuma utang'olewa.

Uso wa mbele hutobolewa tundu kwanza, kwa kukipima chombo chenyewe, kisha hugundishwa. Wa nyuma hufungwa kwa parafujo, ili ufunguke siku ya matengenezo, na kati yake na vijiti huwekwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Ndani hutiwa sufi au pamba, iliyofungwa katika kitambaa chepesi, imeze mwangwi. Tundu la waya huzibwa kwa nta.

Baada ya siku moja sanduku lijaribiwe. Piga ubavu kwa kifundo cha kidole: mlio uwe mfupi na mkavu. Kisha weka vidole kuzunguka karatasi ya kipaza sauti, bila kugusa kifuniko cha katikati, usukume polepole sana na kuachia. Ikirudi taratibu, hewa haina njia ya kutoka. Ikirudi mara moja, ufa upo. Ili kuutafuta, piga wimbo wa ngoma nene, upitishe moshi mwembamba wa udi karibu na kila pembe na kandokando ya uso wa nyuma; mahali moshi unaporuka kwa kufuata ngoma, ndipo penye ufa. Ukiwa kwenye mpira, kaza parafujo za pande zinazoelekeana, kidogo kidogo. Ukiwa kwenye meno, fungua nyuma na kupitisha gundi ndani ya pembe ile, mara mbili, ikikauka kila mara, ndipo ulete moshi tena.