Mikono ya Mtoto Hutangulia Ulimi Wake

Hapana mama asiyeijua taabu hii. Mtoto wa miezi kumi analia. Hupewa ziwa, akalikataa. Hupewa maji, akayasukuma. Hubebwa mgongoni, akazidi kulia. Haja anayo, tena aijua vema, walakini ulimi wake haujapata nguvu ya kuitamka. Kwa hiyo twataka kuwaandikia wazazi na waalimu habari za kusema na watoto wadogo kwa ishara za mikono, jambo ambalo wengine hulicheka, na wengine hulisifu kupita kiasi.

Kwanza ifahamike ya kuwa mkono hutangulia ulimi. Mtoto wa miezi tisa au kumi huanza kuonyesha kwa kidole kitu akitakacho, hupunga mkono mgeni aagapo, hupiga makofi achezewapo. Maneno anayoyafahamu ni mengi, lakini neno lake la kwanza la kueleweka mara nyingi hungoja hata akaribie kutimiza mwaka, au apite. Kwani kutamka si kazi ndogo: midomo, ulimi, koo na pumzi sharti vipatane, na kufumba na kufumbua kiganja ni kwepesi zaidi.

Huko Marekani, Joseph Garcia aliona katika nyumba za viziwi kwamba watoto wao wenye kusikia walizungumza na wazazi wao kwa mikono wangali wachanga sana. Na wanawake wawili wenye elimu wa California, Linda Acredolo na Susan Goodwyn, walichunguza ishara ambazo watoto hujitungia wenyewe, wakatoa kitabu mwaka 1996 cha kuwafundisha wazazi. Tangu hapo desturi hiyo imeenea.

Njia yake si ngumu. Kwa ishara za Marekani, maziwa ni kufumba na kufumbua ngumi kama akamuaye ng'ombe. Chakula ni kukusanya ncha za vidole na kuzipeleka kinywani. Kuomba nyongeza ni kukusanya vidole vya mikono yote miwili na kugonganisha ncha zake. Mama huanza na ishara mbili tatu, mtoto apatapo miezi sita hata minane, akizifanya wakati ule ule kitu kiwapo mbele ya macho yake. Na kila afanyapo ishara, hulitamka neno kwa kinywa, asinyamaze kamwe. Majuma mengi yaweza kupita pasipo jibu. Kisha siku moja mkono mdogo huinuka, na ishara yenyewe huwa imepinda, kama maneno ya kwanza ya mtoto yalivyo na kigugumizi. Ndugu zake, bibi na yaya nao wafundishwe, asije akamwomba maji mtu asiyemfahamu.

Sasa tuseme faida yake, wala tusiongeze chumvi. Wako wanaonadi kwamba mtoto wa ishara atawahi kusema na kuwapita wenzake kwa akili. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa Uingereza na Elizabeth Kirk na wenzake. Walichukua watoto arobaini, wakawafuata tangu miezi minane hata miezi ishirini; mama wengine walifundishwa ishara, wengine sivyo. Watoto wa ishara hawakuwapita wenzao katika kusema, wala hawakuachwa nyuma. Basi anayewauzia kitabu kwa ahadi ya akili nyingi, mwacheni apite na kitabu chake. Na yule bibi anayeonya kwamba mikono itautia ulimi uvivu, naye asituogopeshe.

Lakini jaribio lile lilionyesha jambo jingine, ambalo sisi twalihesabu kuwa kubwa kuliko majivuno ya maneno mengi. Mama waliofundishwa ishara walizidi kuzitambua dalili za watoto wao na kuziitikia. Maana amtazamaye mtoto mikononi humtazama na usoni; huona anachokitazama, na anachokitaka kabla hajalia. Nyumbani kwenye kazi nyingi, ambamo mtoto hupitishwa toka mgongo huu hata mgongo huu, hilo si jambo dogo.

Hayo ni ya mtoto asikiaye, ambaye ishara kwake ni msaada wa kitambo; maneno yakija, huziacha mwenyewe. Kwa mtoto kiziwi, habari ni nyingine kabisa. Kwake ishara ndiyo lugha yenyewe, na kukawia kumpa ni kumwacha pasipo lugha katika miaka ile ile ambayo akili huipokea kwa wepesi. Nao wengi wa watoto hao huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua hata ishara moja. Mwaka 1991 Laura Ann Petitto na Paula Marentette wa Montreal walieleza ya kuwa watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi hubwabwaja kwa mikono, kama vile wasikiao wabwabwajavyo kwa kinywa. Tena wakubwa wengine huwaita watoto hawa mabubu. Hilo si jina lao. Wana la kusema, ila hawajapata wa kusema naye.

Zamani hata waalimu walikosea. Katika mkutano wa Milan, mwaka 1880, waalimu wa viziwi walikata shauri kwamba kusema kwa kinywa kutangulizwe na ishara ziondolewe shuleni. Watoto wengi wakakatazwa kuitumia mikono yao. Hata mwaka 2010, katika mkutano wa Vancouver, ndipo shauri lile lilipokataliwa kwa majuto. Mwaka huo huo katiba mpya ya Kenya iliitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge; na katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikuwa imekwisha kuagiza lugha ya ishara ya viziwi iendelezwe.

Kwa hiyo mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, asiyegeuka aitwapo kutoka nyuma, au aliyekuwa akibwabwaja kisha akanyamaza, asingojewe akue. Apelekwe hospitali masikio yapimwe, na mapema. Huko Colorado, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto waliotambuliwa kabla ya miezi sita na kusaidiwa walikuwa na lugha bora kuliko waliotambuliwa baadaye. Akionekana hasikii, wazazi wasibuni ishara zao tu za jikoni. Watafute viziwi wazima wa nchi yao, au mwalimu wa shule ya viziwi, wajifunze lugha yao ya ishara. Wala asiende mama peke yake. Baba naye aende, na ndugu waliokwisha kupata akili, kwani jioni ni wao watakaokaa na mtoto huyo kumweleza yaliyotukia mchana.