Mzazi, usiiachie simu kazi ya somo



Huko kwetu binti akivunja ungo alikuwa na somo wake, mvulana alifunzwa jandoni, na yaliyobaki alimalizia bibi au shangazi. Hapa Doha tunaishi baba, mama na watoto ndani ya fleti. Somo hayupo, shangazi yuko Tanga au Mombasa. Ukinyamaza wewe, watakaomfundisha mwanao ni simu na wenzake.

Wazazi wengi husema, "Hii nchi ya Kiislamu, mwanangu yuko salama." Ni kweli sheria ya Qatar inakataza zinaa. Lakini sheria haizuii maradhi, na hofu yake humfanya kijana afiche. Anasikia kwamba wageni hupimwa VVU ili wapate kibali cha ukaazi, na kwamba anayekutwa navyo hurudishwa kwao. Basi akiona usaha au kidonda anadhani familia nzima itafukuzwa, naye ananyamaza. Tena likizo ndefu huenda nyumbani, mbali na macho yako.

Kunyamaza kuna hatari. Klamidia na kisonono mara nyingi havionyeshi dalili kwa msichana, na visipotibiwa vinaweza kumfanya tasa. Kaswende huanza na kidonda kisichouma, hupona chenyewe, lakini ugonjwa hubaki mwilini. Yote matatu yanatibika kwa dawa za daktari.

Ufanye nini?

1. Anza kabla hajabalehe, kidogo kidogo. Garini mkienda shule ni mahali pazuri, kwani hamtazamani usoni.

2. Mwambie kujizuia ndiyo kinga ya uhakika, kama dini inavyotufunza. Lakini ajue pia kondomu ni nini na inakinga vipi. Kujua si kuruhusiwa.

3. Uliza chanjo. Chanjo ya HPV hukinga saratani ya mlango wa kizazi, na hufaa zaidi kati ya miaka 9 na 14. Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Binti aliyekulia hapa huenda ilimpita. Angalia pia kama alichanjwa homa ya ini B.

4. Mpe ahadi: "Likikufika lolote, njoo kwangu kwanza. Sitakupiga." Kisha uitimize siku hiyo ikifika.

5. Usimnunulie antibiotiki za kubahatisha. Kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi. Mpeleke kwa daktari, nawe uwe naye.

6. Akibakwa, au ikiwa amekutana na mtu bila kinga, usipoteze muda kwa kugomba. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana.

Baba, usimwachie mama peke yake. Mvulana anahitaji kusikia haya kutoka kwako.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto hatafichua kwa mzazi asiyezungumza naye. Zungumza naye wiki hii.