Sarafu Ikikataa

Mtaa wa Mbotela, Nairobi, ulipewa jina la Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952. Ukoo wake ni wa kwetu pwani, Frere Town. Katika mitaa ya namna hiyo, mashine ya kutia sarafu haikosi mteja, wala haikosi maradhi.

Basi ndugu msomaji, ikitema sarafu usiipige makonde. Fundi huchomoa umeme kwanza, kisha akainama, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hupangusa njia ya sarafu, maana vumbi na ubani wa kutafuna ndio adui wa kwanza. Sarafu ikipita na mashine isihesabu, hutazama swichi ndogo na waya zake. Nyingine huwekwa ndani sarafu ya mfano, na kila iingiayo hulinganishwa nayo. Mfano ukiwa si wake, sarafu halali huonekana bandia. Ndiyo maana sarafu mpya zitokapo, kama zile za twiga, kifaru, simba na ndovu za Disemba 2018, fundi huujaribu mfano kwanza.

Lakini lipo swali lisilofunguka kwa bisibisi. Farasi wa watoto akiharibika, kumtengeneza ni riziki. Mashine ya kamari je? Suratul Maida imeiweka kamari pamoja na ulevi, na sura hiyo hiyo yakataza kusaidiana katika dhambi. Apimaye sarafu za watu hana budi kuupima na ujira wake.

Haba na haba hujaza kibaba. Ila hapo kibaba ni cha mwenye mashine, na haba ni za kijana wa mtaa.