Mwamba ngoma: Kwa nini hatujioni tulivyo

WAHENGA walinena kuwa nyani haoni kundule. Walichokisema kwa fumbo, wanasaikolojia wamekipima kwa takwimu.

Mnamo 1999, Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi mitihani ya mantiki na sarufi, kisha wakawataka wajikadirie. Waliovuta mkia, ambao kwa wastani waliwapita wenzao 12 tu katika kila 100, walidhani wamewapita 62. Waliofanya vyema zaidi, kinyume chake, walijishusha.

Baadhi ya watafiti wa baadaye wamehoji ukubwa wa pengo hilo. Hata hivyo, hoja ya wawili hao ni nzito: maarifa ya kuifanya kazi ndiyo yale yale ya kutambua kasoro zake. Asiye nayo hukosea, kisha hukosa jicho la kuliona kosa.

Chukua mfano wa jengo linaloinuka mtaani Utange, Kisauni. Ukuta ukipinda, mwashi hulaumu mchanga, kibarua humlaumu mwashi, naye msimamizi huwalaumu wote wawili. Siku ya kugawana malipo, kila mmoja huapa kwamba yeye ndiye aliyebeba mzigo mkubwa.

Si lazima wawe waongo. Mnamo 1979, Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa nchini Kanada kila mmoja hutekeleza kiasi gani cha kazi za nyumbani. Kwa kazi nyingi, jumla ya majibu ya mume na mke ilizidi asilimia 100. Mtu hukumbuka jasho lake kuliko la mwenziwe. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Hasara yake kazini ni kubwa. Mwenye majigambo hupandishwa cheo, mweledi mnyamavu huachwa nyuma, na kosa ambalo lingerekebishwa mapema huzikwa chini ya plasta hadi nyufa zijitokeze.

Dawa ipo. Katika utafiti wa Cornell, wanafunzi dhaifu waliofunzwa mantiki walianza kutambua walivyokuwa wamekosea. Elimu iliwapa macho.

Kazini, kila mmoja aandikiwe alichofanya kabla ya malipo kugawanywa, na mkubwa amsikilize anayethubutu kumkosoa. Mwashi hodari haliamini jicho lake, ingawa amejenga miaka mingi, huteremsha timazi. Nasi tunahitaji timazi ya nafsi, nayo imo mikononi mwa wenzetu.